Mi-ok Jikoni kwa Mama Mutua

Sikulia nilipoliona jeneza la Mama Mutua. Nililia dakika chache baadaye, na waliokuwa karibu nami walidhani ni uchungu wa msiba, wakanishika mabega na kunipa kitambaa. Ukweli ni kwamba nililia kwa sababu mwendesha shughuli alikuwa ameshika kipaza sauti akiwaita watoto wa marehemu waje kukaa mbele, na baada ya Mutua na wadogo zake wawili akaita jina la nne: "Na Mwende, ule wetu wa Korea." Akainuka mwanamke mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio na zimejaa mvi, gauni jeusi, viatu vya kitambaa vilivyopauka kwa vumbi la Kithyoko, kijijini alikorudishwa marehemu kuzikwa. Akapita katikati ya hema ameinamisha kichwa, akaketi mstari wa kwanza kana kwamba kiti kile kilikuwa kimemngoja miaka yote. Mimi nilikuwa hema la pili, la majirani na marafiki. Kwa miaka karibu thelathini nimeishi mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwa Mama Mutua. Ni mimi niliyempeleka hospitali macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Ni mimi niliyemtungia uzi kwenye sindano alipokuwa haoni tena tundu lake. Huyu alikaa kwake miezi tisa. Nilihesabu tena kwa vidole chini ya leso, nikapata ileile tisa, na kifuani ukawaka moto niliodhani nimeuacha kwenye ujana wangu.

Mwaka ule aliokuja nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ualimu, na nikapangiwa shule moja ya msingi hapa Machakos. Mimi ni mzaliwa wa Changamwe. Jina langu, Mueni, ni la Kikamba, lakini ulimi wangu ulikuwa wa Mombasa mtupu. Kikamba nilikuwa nimekisikia kwa wakubwa tu, wakigombana, na hakuna aliyenitaka nijibu. Mwalimu mkuu alipoliona jina langu kwenye karatasi alifurahi, akasema sasa wazazi wamepata mtu wao. Siku ya kwanza bibi mmoja alinisimamisha langoni, akanieleza maneno marefu, nami nikamjibu kwa adabu, "Samahani bibi, sikuelewi." Alinitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe. "Mwiitu wa Mukamba!" yaani binti wa Mkamba, akawaambia waliokuwa nyuma yake, akapiga makofi ya mshangao. "Na anakataa lugha yao!" Sikuwa nimekataa kitu. Lakini tangu siku ile nilipita njia za Mumbuni, mtaa wa shule yetu, nikiwa nimejikunja, nikiomba nisikutane na mtu mzima mwenye nafasi ya kunisalimia.

Nyumba ya Mama Mutua ilikuwa hukohuko Mumbuni. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mjane, vijana wake watatu wametawanyika kikazi. Mutua, mkubwa wao, alikuwa kiwandani Athi River na alikuja mara moja kwa mwezi. Sebuleni kulikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, cherehani karibu na dirisha, na marinda na kaptula zimetundikwa kwenye misumari ukutani kama watoto wasio na vichwa. Nyuma, ng'ambo ya ua, kulikuwa na vyumba viwili vya kupangisha na jiko la nje lenye kuta za mbao. Nilichukua chumba cha kwanza. Jioni ile niliingia sebuleni nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaacha kukanyaga cherehani, akaniangalia juu ya miwani. "Nishike nini?" Nikaona aibu, nikamweleza kwamba kwetu mkubwa huamkiwa hivyo. Akacheka mpaka miwani ikateremka. "Wewe sema habari tu, Mueni. Hapa hatushiki kitu."

Kwa miezi miwili nilikuwa na jiko lile peke yangu, na naweza kusema sasa kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile katika nyumba isiyo yangu. Kulikuwa na vigoda vitatu. Kimoja, cha karibu na moto, unakaa huku mgongo umeegemea ukuta wenye joto, na Mama Mutua alinionyesha kwa kidole jioni ya pili, "Kaa hapo." Alinifundisha kupika muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na maharagwe mpaka yanapasuka. Alinigombeza pia, tena sana. "Mueni, hii sufuria umeacha na maji ndio iote samaki?" "Mueni, taa ya choo inawakia nani?" "Mueni, umepita kwa Mama Ndinda bila salamu, leo amekuja kunishtaki." Nilikwenda kulala nimenuna, nikihesabu makosa yangu. Lakini asubuhi niliamka nikiwa na hamu ya kurudi jikoni.

Mwezi wa tatu akaja Mi-ok kutoka Korea. Shirika moja la kwao lilikuwa limemleta kujitolea, afundishe muziki na kuchora shuleni kwetu hadi mwisho wa mwaka, na mwalimu mkuu akamtafutia chumba pale nilipokuwa mimi, ili nimsaidie lugha. Alikuwa na umri wangu. Aliingia uani na mkoba mmoja na kinanda kidogo kwenye mfuko wa kitambaa, na alipomwona Mama Mutua mlangoni, akaweka vitu chini, akaweka mikono mapajani na kuinama mpaka nikaona kisogo chake. Mama Mutua akaniambia, bila kuondoa macho kwa yule mgeni, "Unaona? Huyu amelelewa." Nilikuwa nimemwambia shikamoo, akanicheka.

Sijui kama msomaji amewahi kutazama mtu akipewa bure kile ambacho yeye amenyimwa. Wiki ya pili Mi-ok alikwenda sokoni na Mama Mutua kununua vifungo, akafundishwa neno moja, "Wakya?", ile salamu ya asubuhi. Alirudi akilisema kwa kila aliyepita, alasiri, kwa sauti inayopanda mwishoni kama swali la mtoto, na njia nzima ya Mumbuni ikasimama kumpigia makofi. Yule bibi wa langoni, aliyenitangaza mimi kuwa nimeikataa lugha, alimkumbatia. Neno moja! Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwa siri maneno kama arobaini, nimeyaandika nyuma ya daftari la maandalio, lakini sikuthubutu kuyatoa, kwa sababu nikikosea mimi ilikuwa aibu ya ukoo, akikosea yeye ilikuwa furaha ya soko. Mwezi haujaisha Mama Mutua alikuwa amempa jina, Mwende. Maana yake ni anayependwa. Langu, ambalo nilipewa na watu walionizaa, maana yake ni mgeni.

Halafu ikaja habari ya chakula. Mwezi wa pili nilikuwa nimepika maharagwe ya nazi, nikakuna na kukamua nazi niliyoletewa kutoka kwetu, nikampelekea Mama Mutua kwenye bakuli zuri. Alionja kijiko kimoja. "Hii maziwa ya mti," akasema, "mimi hapana. Lakini asante." Nilikula bakuli lote chumbani kwangu huku nalia. Mwezi wa nne Mi-ok akanunua kabichi sita, akazikata, akazipaka chumvi na pilipili na tangawizi na vitunguu saumu, akazishindilia kwenye ndoo yenye kifuniko na kuziweka kivulini nyuma ya tangi. Siku ya tatu ua wote ulinuka. Nilifurahi moyoni, naungama, nikangoja Mama Mutua aje aitupe ile ndoo. Badala yake aliifungua, akachota kwa vidole, akatafuna akitazama juu, kisha akaniita. "Mueni, leta ile ngima ya jana." Walikula ule ugali na kabichi wameinamia sahani moja, jasho linawatoka, wakicheka kwa ajili ya ule ukali. Tangu jioni ile ndoo haikukauka. Na kigoda cha karibu na moto, sikumbuki siku gani hasa, kikawa cha Mi-ok. Hakuna aliyeniondoa. Nilifika tu nimechelewa kidogo kwa kusahihisha madaftari, nikamkuta amekaa, na Mama Mutua akanisogezea kile cha mlangoni.

Masomo ya Kiswahili nilimpa mara tatu kwa wiki, chumbani kwake. Kilikuwa chumba sawa na changu, kitanda, meza, dirisha linalotazama milima ya Iveti, lakini yeye alikuwa amebandika ukutani michoro ya watoto, na sakafu alikuwa akiisugua mpaka tunavua viatu mlangoni. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: mtoto ana kitabu, watoto wana vitabu. Alikuwa akiitikia kwa makini, akiandika, kisha kesho yake anarudi kutoka sokoni amevuruga kila kitu.

"Niko na swali," alisema siku moja tukiwa jikoni.

"Nina swali," nikamrekebisha.

"Nina swali. Hii viatu..."

"Viatu hivi."

Mama Mutua alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Akaweka ungo chini. "Mueni, wacha mtoto aongee. Hiyo yako ni Kiswahili ya redio. Ukienda nayo sokoni, nyanya zinaoza ukitafuta neno."

Walicheka wote wawili. Mi-ok alicheka mkono ukiwa mdomoni, si kwa ubaya, najua leo. Siku ile sikujua. Kiswahili kilikuwa kitu pekee nilichokuja nacho kutoka kwetu ambacho nilidhani hakuna wa kunishinda, na hata hicho sasa kilikuwa cha redio, na kile kilichovunjikavunjika cha mgeni ndicho kilichokuwa cha nyumbani.

Nilimuuliza wakati mmoja kama hakumbuki kwao. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za darasa, watoto wamekwenda. Aliniambia anatoka mji mdogo, mbali na jiji, ulio kwenye bonde, milima imeuzunguka kama hii. Mtu akikohoa jirani anajua. Mama yake alikuwa na mitungi mikubwa uani ya kuchachushia vyakula, na majira ya baridi yakikaribia wanawake wa mtaa mzima hukaa chini pamoja kupaka kabichi pilipili, huku wakisengenya. "Pale jikoni kwa Mama," akasema, "mimi nafunga macho, nasikia sauti yao. Maneno sijui. Sauti ni ile ile." Kulikuwa na jambo la haki katika maneno yale, na haki yake ndiyo iliyoniuma. Mtu alikuwa amevuka bahari kuja kukuta kwao, nami niliyepewa jina la hapa nilikuwa nimekaa kando yake kwenye ngazi, sijui pa kwenda.

Mama Halima, Msomali aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, ndiye aliyenifanya nisikie nisichopaswa kusikia. Alikuwa akimletea Mama Mutua majora ya kitambaa cha sare kila muhula, na wao wawili lugha yao ilikuwa Kiswahili. Jumamosi moja mwezi wa tisa nilikuwa nimelala chumbani na homa, dirisha wazi, nao wako uani wanapima kitambaa. Mama Halima akauliza, "Hawa wasichana wawili ni wako?" Nikasikia mkasi ukienda, halafu ukasimama. "Huyu wa Korea ni wangu," Mama Mutua akajibu. "Mungu alinipatia vijana tupu, sasa amenikumbuka. Ule mwingine ni mwalimu. Amepanga." Mkasi ukaendelea. Ni hayo tu. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayeeleza iwapo mlango unafungukia ndani au nje. Nililala pale nikitazama mabati, na neno "amepanga" likazunguka chumbani kama nzi. Jioni Mama Mutua mwenyewe aliniletea uji wa wimbi, akaweka kiganja kwenye paji langu, akanigombeza kwa kukaa dirisha wazi. Niligeukia ukuta.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo mwezi wa kumi na moja ulipofika. Mwalimu mkuu alikuwa ametutangazia kwamba shirika la Mi-ok linakubali aongezewe mwaka akitaka mwenyewe, mradi aandike kabla mwezi haujaisha. Nilimwona Mi-ok akikaa jikoni zaidi, akimtazama Mama Mutua anapogeuka. Nilielewa alichokuwa akingoja. Jumapili moja mchana, yeye akiwa kanisani na kwaya ya watoto, Mama Mutua aliniita sebuleni akanikalisha kwenye kile kiti kizuri cha wageni.

"Nataka unibebee maneno," akasema. "Kwetu neno kama hii mtu hajipelekei mwenyewe. Nikimuuliza mimi, macho kwa macho, atashindwa kukataa. Ukimuuliza wewe, akikataa, hakuna mtu ameaibika. Na wewe unajua English, itamwingia vizuri."

Nikamwambia, "Sema, mama."

Aliondoa miwani, akaishika kwenye mapaja. "Mwambie asiende ati juu mwaka imeisha. Miaka haiishi. Mwambie nimezoea kusikia viatu yake asubuhi, na siku yenye sitasikia, hata hii mashine itanikatalia. Mwambie hiyo chumba si ya kupanga tena. Mtoto hapangi kwa mamake. Mwambie hata akikaa miaka mbili, hata akizeeka hapa, mimi sitachoka na yeye."

Mimi sijawahi kuambiwa maneno kama yale na mtu yeyote, si kabla wala baadaye, na nina mume mwema na watoto watatu. Niliyasikiliza yote mpaka mwisho. Nikavuka ua. Wakati huohuo Mi-ok alikuwa anarudi kutoka kanisani, nikamfuata chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani akikunja blauzi, na akaniangalia kwa haraka, macho yamefunguka, kwa sababu alikuwa ameniona nikitoka sebuleni. Nilikuwa na sentensi ya kwanza mdomoni, naapa. Kisha nikaona viatu vyake mlangoni, vimepangwa kwa unadhifu, viatu ambavyo mtu mwingine alikuwa akivisikiliza kila asubuhi, na vyangu kando yake, ambavyo hakuna aliyevisikiliza. Nikasema kwa Kiingereza, polepole, ili asikosee, kwamba Mama anauliza ataondoka tarehe ngapi, maana kuna mtu anakitaka hiki chumba.

"Aa," Mi-ok akasema. Akakunja blauzi ile mara ya pili, ikawa ndogo sana, akaishikilia. "Mwambie tarehe kumi mwezi ujao. Mwambie pole kwa kuchelewesha mtu."

Nilirudi sebuleni, Mama Mutua akiwa bado ameshika miwani. "Amesema anakushukuru sana," nikamwambia, "lakini amekumbuka kwao." Alivaa miwani, akatia kitambaa chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Baadaye, mgongo ukiwa kwangu, akasema, "Ni sawa. Kila mtu ako na kwao."

Siku zilizobaki walikuwa wakionyeshana adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko ugomvi. Mama Mutua alidhani akimbembeleza atamfunga; Mi-ok alidhani akikaa sana jikoni atakuwa mzigo. Kila mmoja alikula kidogo na kushukuru sana. Ningeweza kusema neno wakati wowote kabla ya tarehe kumi. Nilijiambia nitasema kesho, na kila kesho kigoda cha karibu na moto kilikuwa kitupu kwa sababu Mi-ok alikuwa akienda kulala mapema, na mimi nilikuwa nakikalia. Asubuhi ya safari Mama Mutua alimvisha gauni alilomshonea, la kitenge cha kijani, likamkaa kama ngozi. Mi-ok akapiga magoti pale kwenye udongo wa ua, akainama mpaka paji likagusa mikono yake, na Mama Mutua akawa anamwinua akisema, "Inuka, inuka, utachafuka," huku akilia. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba. Watu wakasema, tazama huyu mwalimu, ana roho ya chuma.

Nilipata nilichokitaka. Nilikaa kwenye kile kigoda miaka miwili zaidi mpaka nilipoolewa hapahapa mjini. Kikamba kikanifungukia kidogo kidogo, kwa kuwa jioni tulikuwa wawili tu na hakukuwa na mgeni wa kuzungumziwa Kiswahili. Nikaacha kuogopa mabibi wa njiani. Nikawa mtu wa Mumbuni kweli. Kila mwisho wa mwaka kadi ilikuja kutoka Korea kupitia shuleni, maneno mawili matatu ya Kiswahili kilekile cha sokoni: "Mama, niko mzima. Niko na kazi. Wakya?" Mama Mutua alizisimamisha kwenye kabati ya vyombo, moja kando ya nyingine, na kila nilipomtembelea nilikaa nikizitazama. Hata mara moja hakuniuliza juu ya Jumapili ile. Wakati mwingine alikuwa akisema tu, "Mwende alikumbuka kwao," kama mtu anayesema mvua ya mwaka fulani ilichelewa, na mimi nilikuwa najishughulisha na chai. Nilipompeleka hospitali, nilipomtungia uzi, nilikuwa namlipa, na yeye hakujua kuna kilichovunjwa. Nilikuwa nangoja pia siku atakayosema kwa mtu, mimi nikisikia, "Huyu Mueni ni wangu." Labda alisema nisipokuwepo. Sikusikia.

Baada ya mazishi watu walienda kwenye chakula. Jua la Kithyoko lilikuwa kali, nikasogea nyuma ya nyumba penye kivuli cha tangi, na Mi-ok akanikuta pale, na sahani mbili. Alinipa yangu kwa mikono miwili. Tulikaa kwenye jiwe. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa lakini kinakwenda, na aliniambia amefundisha muziki miaka yote katika mji wao uleule mdogo, mama yake alikufa, hakuolewa. Mutua alimpigia simu, naye akakata tiketi siku hiyo hiyo. Kisha akasema, akitazama sahani, "Unajua mimi nilikuwa nakuonea wivu?"

Nikadhani amekosea neno. "Wivu?"

"Wivu. Alikuwa anakugombeza. Sufuria. Taa. Salamu. Kila siku, Mueni, Mueni. Mimi nilivunja kikombe yake ya harusi, akasema haidhuru. Mgeni hagombezwi." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nangoja anigombeze siku moja. Halafu akasema kuna mtu anataka chumba."

Nilikuwa na wali mdomoni. Ningeweza kuumeza, na yeye angerudi Korea, na Mama Mutua alikuwa ameshafukiwa. Nikasema, "Mi-ok, hakukuwa na mtu aliyetaka chumba."

Hakuelewa mara moja, ikabidi niseme yote: kiti cha wageni, miwani mapajani, ua, viatu mlangoni. Nilimwambia na ule wivu, kwa kuwa bila huo jambo lenyewe halina maana. Aliweka sahani chini. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni, na nikaona kwamba huyu mtulivu anaweza kunipiga, na nikatamani anipige. "Mimi nilikuwa nimeandika barua," akasema. "Ya kuomba mwaka. Ilikuwa chini ya mto. Nilikuwa nangoja tu aseme." Akaongeza kwa lugha yake kitu ambacho sikukijua. Halafu akanigeukia. "Alisema nini? Si wewe. Yeye. Sema vile alisema."

Nilimwambia. Nilikuwa nimeyabeba miaka ile yote kama yalivyo, sikuhitaji kuyatafuta. Asiende ati juu mwaka imeisha. Nimezoea kusikia viatu yake asubuhi. Mtoto hapangi kwa mamake. Hata akizeeka hapa, mimi sitachoka na yeye. Alisikiliza amefumba macho, mikono mapajani. Nilipomaliza alisema, "Tena," nami nikarudia, polepole zaidi, mpaka neno la mwisho. Akainuka, hakunitazama, hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akazunguka nyumba kuelekea kwenye kaburi, na nikasikia Mutua akimwita aje, "Mwende, uka, tunakungoja."

Mimi nilibaki kwenye jiwe na sahani mbili. Ningependa kuandika kwamba nilihisi wepesi, kwamba mzigo ulitoka, au kwamba yale aliyoniambia juu ya kugombezwa yalinituliza. Yamekuja kunisaidia baadaye, siku mojamoja. Lakini pale, wakati ule, nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia nimeyatamka sasa mara mbili kwa kinywa changu mwenyewe, na mara zote mbili yalikuwa ya mtu mwingine.